SOMO LA KIKUNDI: TUNAPOKOSA USINGIZI MIEZI NA MIEZI

Tumewaletea masomo ya kuku, ya mbolea, ya kuweka hesabu na ya maji safi. Leo tunawaletea somo ambalo wengine watasema, "Hii nayo inahusu maendeleo namna gani?" Ni somo la usingizi. Tunaliandika kwa sababu tumeona mama akipoteza kazi yake katika kikundi, na karibu apoteze hata jina lake mbele ya watu, kwa sababu tu usiku ulikuwa hauishi.

Mtu asiyelala hawezi kupalilia vizuri. Hesabu zinamkosea, watoto anawapigia kelele bure, na kwenye mkutano anasinzia. Hayo yote yanagusa maendeleo, si ndiyo?

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo hili wanakikundi waweze:
1. Kueleza kukosa usingizi kwa muda mrefu ni nini, na si nini.
2. Kueleza kwa nini kunaendelea hata kama shida iliyokuleta imepita.
3. Kujua ni wakati gani wa kwenda kituo cha afya.
4. Kujaribu njia ya kurudisha usingizi bila kununua dawa.
5. Kumlinda mwenzao asiyelala asisemwe vibaya.

Muda: saa mbili. Mnaweza kuligawa kwa mikutano miwili.

Vitu vya kutayarisha: daftari, kalamu, mawe matatu ya jiko na sufuria moja.

HADITHI YA KUANZIA

(Mmoja asome kwa sauti, polepole.)

Katika kikundi kimoja huko magharibi mwa Kenya kulikuwa na mama mjane aliyekuwa mweka hazina. Miaka minne daftari lake lilikuwa safi, hata wageni wakija lilikuwa linaonyeshwa. Halafu hesabu zikaanza kukosea. Mwezi mmoja shilingi 600 hazikuonekana. Mwezi uliofuata pesa zikazidi kwa shilingi 200. Kwenye mkutano mama alisinzia akiwa amekalia sanduku la pesa.

Majirani nao walikuwa na maneno yao. Walisema taa yake ya sola inawaka saa nane za usiku. Kijana mmoja aliyekuwa akitoka matangani alimwona amesimama nje karibu na mparachichi, amejifunika leso, amenyamaza kimya. Neno likaanza kutembea kijijini: huyu mama anakimbia usiku.

Mwenyekiti alituita. Hakutuita kwa sababu ya usingizi, alituita kwa sababu ya zile shilingi 600. Tulikaa na mweka hazina nyuma ya nyumba, akichambua mboga. Alituambia:

"Silali, dada. Tangu tumzike mzee, sasa ni mwaka wa pili, silali. Naingia kitandani saa mbili na watoto. Kufika saa saba macho inafunguka kama mtu ameniita. Nakaa hapo nahesabu karo. Nikichoka kulala natoka nje nipate hewa. Sasa wanasema mimi ni mwanga."

Tukamwuliza, "Mama, mbona hukuambia wenzako?"

Akajibu, "Ningewaambia nini? Mtu wa malaria anasema ana malaria. Kwani kukosa usingizi ni ugonjwa?"

MASWALI YA KUJADILIANA

(Kaeni wawili wawili dakika kumi, kisha mje pamoja.)
1. Mnaona nini katika hadithi hii?
2. Je, mambo kama haya yanatokea kwetu? Kwa nani?
3. Kwa nini mama alinyamaza?
4. Kwa nini watu walifikiria uchawi kabla ya kufikiria ugonjwa?

Kiongozi, swali la nne usiliruke. Mwezi Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, akina mama wazee wanne waliuawa kwa kushukiwa kuwa wachawi. Kwa hiyo neno "anakimbia usiku" si la kuchekesha watu kwenye njia ya mtoni. Linaweza kumaliza mtu.

SEHEMU YA 1: JE, NI UGONJWA?

Ndiyo, ni ugonjwa. Waganga wanasema mtu ana tatizo la kukosa usingizi kwa muda mrefu akiwa na mambo haya yote:

- Anakawia sana kupata usingizi, au anaamka katikati ya usiku na hawezi kurudi kulala, au anaamka mapema mno.
- Inatokea angalau usiku 3 kwa wiki, kwa miezi 3 au zaidi.
- Mchana anaumia: uchovu, hasira, kusahau, kukosea kazi.
- Nafasi ya kulala anayo, lakini usingizi ndio haupo.

Angalieni hilo la mwisho. Bawabu wa usiku, mtu wa boda boda anayefika nyumbani saa saba, mama mwenye mtoto mchanga: hao wamenyimwa nafasi. Wakipewa kitanda na kimya, watalala fofofo. Tatizo lao ni kweli, ila dawa yake ni kugawana kazi na kupata wakati wa kupumzika. Mtu wetu wa leo ni yule ambaye kitanda kipo, kimya kipo, na bado macho yako wazi.

Pia si kila kuamka usiku ni ugonjwa. Usingizi wa mtu mzima unakwenda kwa mizunguko, kila mmoja karibu dakika 90. Mwisho wa mzunguko mwili unaamka kidogo, unageuka, unarudi. Kila mtu anaamka hivyo, wengi hawakumbuki. Ukiamka mara mbili na kulala tena haraka, usiogope.

SEHEMU YA 2: USINGIZI UNAKUJAJE?

Usingizi unaletwa na vitu viwili vinavyofanya kazi pamoja.

Cha kwanza ni njaa ya usingizi. Tangu unapoamka asubuhi, kitu kiitwacho adenosini kinaanza kujikusanya katika ubongo. Kadiri unavyokaa macho ndivyo kinavyoongezeka, na ndivyo unavyosikia uzito. Ukilala kinapungua. Ni kama njaa ya chakula. Mtu akila mkate saa kumi na moja jioni, ugali wa usiku hautamwingia. Vivyo hivyo ukilala saa moja na nusu baada ya chakula cha mchana, njaa ya usingizi itakuwa imekufa usiku ukifika.

Kahawa na majani ya chai yana kafeini. Kafeini inakwenda kukaa kwenye kiti cha adenosini, kwa hiyo ubongo hausikii uchovu. Uchovu upo, umefichwa tu. Kwa watu wengi nusu ya kafeini bado iko mwilini baada ya karibu saa tano. Ukinywa chai nzito saa kumi jioni, saa tatu usiku nusu yake bado inafanya kazi. Miraa na muguka ni vikali zaidi, navyo kazi yake ni kukesha.

Cha pili ni saa ya mwili. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayopanga wakati wa kulala na wa kuamka. Saa hii inarekebishwa na mwanga, zaidi ule wa asubuhi. Giza likiingia mwili unatoa melatonini, inayoambia viungo vyote kwamba usiku umefika. Mtu anayeamka leo saa kumi na moja, kesho saa tatu, anakuwa kama mwenye saa ya mkononi anayoisukuma mbele na nyuma kila siku. Haitasema ukweli tena.

Usingizi mzuri unakuja wakati vyote viwili vinakutana: njaa ya usingizi imejaa, na saa ya mwili inasema usiku.

SEHEMU YA 3: MAWE MATATU YA JIKO

(Kiongozi, panga mawe matatu, weka sufuria juu.)

Mwaka 1987 mtaalamu wa Marekani aitwaye Arthur Spielman alieleza kukosa usingizi kwa mambo matatu. Sisi tunayaita mawe matatu, kwa sababu sufuria ya tatizo inakaa juu yake.

Jiwe la kwanza ni jinsi ulivyoumbwa. Kuna watu wenye usingizi mwepesi tangu utoto, au wanaoshika mambo moyoni. Wanawake wanapatwa zaidi kuliko wanaume, na umri ukisogea usingizi unakuwa mwepesi. Jiwe hili hatuwezi kulitoa.

Jiwe la pili ni tukio. Msiba, deni, kesi ya shamba, ugonjwa, mtoto kufukuzwa shule kwa ajili ya karo. Hapa mtu yeyote anakosa usingizi, na ni kawaida. Tukio likipita, au moyo ukizoea, watu wengi wanarudi kulala.

Jiwe la tatu ni mazoea tunayojiwekea tukijaribu kujisaidia. Hili ndilo watu hawalioni. Mtu amekosa usingizi, anasema, "Leo nitaingia kitandani mapema niutafute." Analala mchana kufidia. Anaangalia simu kila mara aone ni saa ngapi. Anakunywa kidogo ili azimike. Na kitanda, ambacho zamani kilikuwa mahali pa kulala, kinageuka kuwa mahali pa kuhesabu madeni. Mwili unajifunza. Akikigusa tu, moyo unaanza kwenda mbio.

Tulipoketi na mweka hazina tulihesabu pamoja. Anaingia kitandani saa mbili usiku, anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Hayo ni masaa 10. Analala tangu saa mbili na nusu hadi saa saba, halafu anasinzia nusu saa alfajiri. Jumla masaa 5. Maana yake kila usiku alikuwa na masaa 5 ya kulala na masaa 5 ya kuteseka. Kisha mchana anajilaza kwenye mkeka, na saa kumi na moja jioni anakunywa vikombe viwili vya chai ya majani mengi "ili nipate nguvu ya kupika."

Sasa ondoeni jiwe la tatu. Mmeona? Mawili yamebaki lakini sufuria imeanguka. Mzee wake hatuwezi kumfufua, na jinsi mama alivyoumbwa hatuwezi kubadilisha. Mazoea tunaweza.

SEHEMU YA 4: KWANZA TUANGALIE KAMA KUNA UGONJWA MWINGINE

Kabla ya kujaribu lolote, mtu apite kwa mhudumu wa afya wa kijiji au zahanati kama ana moja ya haya:

- Anakoroma kwa nguvu, na wa nyumbani wanasema anakata pumzi akilala. Huyu anaweza kulala masaa mengi na bado aamke amechoka.
- Anaamka kukojoa mara nyingi. Inaweza kuwa sukari, tezi ya wanaume wazee, au dawa ya presha ya kuongeza mkojo iliyomezwa jioni.
- Maumivu, pumu, kikohozi, au kiungulia.
- Miguu haitulii usiku, lazima aisogeze. Wakati mwingine ni upungufu wa madini ya chuma.
- Joto na jasho la ghafla kwa mama anayekaribia kukoma hedhi.
- Moyo kwenda mbio, kukonda na kutetemeka mikono. Inaweza kuwa shida ya tezi ya shingo.
- Dawa anazotumia. Baadhi ya dawa za pumu na baadhi ya ARV zinasumbua usingizi kwa watu wengine. Tafadhali, usiache ARV hata siku moja. Mwambie daktari, mara nyingine kubadilisha saa ya kumeza kunatosha.
- Huzuni isiyoisha, hamu ya chakula kupotea, kuona maisha hayana maana. Kukosa usingizi na ugonjwa wa huzuni vinatembea pamoja, kimoja kinavuta kingine.

Mtu akisema anafikiria kujiua, msimwache peke yake na mpelekeni siku hiyo hiyo. Wengine walikuwa wanaogopa kusema kwa sababu Sheria ya Adhabu, kifungu cha 226, ilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Mtu huyu ni mgonjwa, anahitaji matibabu.

SEHEMU YA 5: VIDONGE NA CHANG'AA

Wengi wanakimbilia duka la dawa. Tuseme wazi.

Vidonge kama diazepam vinaleta usingizi, na daktari anaweza kuvitoa kwa siku chache. Lakini mwili unavizoea upesi. Kidonge kimoja kinakuwa viwili, na ukiacha usingizi unakuwa mbaya kuliko mwanzo. Wazee wanaanguka na kuvunjika nyonga. Vikichanganywa na pombe vinaweza kuzima pumzi. Kama umevitumia kwa muda mrefu usiviache ghafla. Daktari atakupunguzia polepole.

Piriton ni dawa ya mafua na mwasho. Ule usingizi wake ni madhara tu, nao unakufuata hadi shambani kesho yake.

Pombe inalaza haraka, hilo ni kweli. Lakini ikianza kuisha mwilini, usingizi wa nusu ya pili ya usiku unakatika vipande vipande. Ndiyo maana mlevi anaamka saa tisa akiwa na kiu na mawazo. Ni kama mkopo wa riba kubwa: jioni umepewa, alfajiri unalipa zaidi.

SEHEMU YA 6: NJIA YA KURUDISHA USINGIZI

Mwaka 2016 chama cha madaktari wa Marekani kiitwacho American College of Physicians kilishauri kwamba mtu mzima mwenye tatizo hili atibiwe kwanza kwa kubadilisha mazoea na mawazo, kabla ya vidonge. Njia hii haihitaji mashine wala pesa nyingi. Inahitaji daftari na uvumilivu.

Hatua ya 1: Daftari la usingizi. Kwa wiki mbili, kila asubuhi andika: niliingia kitandani saa ngapi, nakisia nililala masaa mangapi, nilitoka saa ngapi, jana nilikunywa nini, nililala mchana au hapana. Andika asubuhi. Usiku usiangalie saa kabisa.

Hatua ya 2: Saa ya kuamka iwe moja. Kila siku, hata Jumapili, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Ukiamka toka nje, upate mwanga wa jua. Sisi watu wa shamba hapa tuna bahati, ng'ombe hawaturuhusu kuchelewa.

Hatua ya 3: Punguza muda wa kitandani. Hapa watu wanashangaa. "Silali, na mnaniambia nichelewe kulala?" Ndiyo. Mweka hazina alikuwa analala masaa 5. Tukampa masaa 5 na nusu kitandani: aingie saa tano na nusu usiku, atoke saa kumi na moja alfajiri. Akikaa macho mpaka saa hiyo, njaa ya usingizi inakuwa imejaa, na usingizi uliokuwa unaishia saa saba unasogea mpaka alfajiri. Usishuke chini ya masaa 5 kamwe.

Hatua ya 4: Kitanda ni cha kulala (na mambo ya mume na mke). Si cha simu, si cha hesabu, si cha kugombana. Ukikaa kitandani kama dakika 20 kwa kukisia na usingizi haupo, toka, kaa kwa kiti, fanya jambo la polepole kwa mwanga hafifu. Usingizi ukirudi, rudi. Profesa Richard Bootzin wa Marekani alieleza njia hii mwaka 1972, na bado ni nguzo mpaka leo.

Hatua ya 5: Wakati wa mawazo. Saa kumi na mbili jioni, kabla ya kupika, kaa robo saa na karatasi. Andika linalokusumbua, na pembeni andika hatua moja ndogo ya kesho. "Karo: kwenda kumwona mwalimu mkuu Jumatano." Mawazo yakija usiku yaambie, "Nyinyi mmeandikwa, ngojeni jua."

Hatua ya 6: Chai na kahawa ziishe saa sita mchana. Usilale mchana. Kama huwezi kabisa, dakika 20 tu, kabla ya saa tisa.

Hatua ya 7: Piga hesabu kila wiki. Chukua masaa uliyolala, gawanya kwa masaa ya kitandani, zidisha kwa 100. Mwanzo mama alikuwa 5 gawanya kwa 10, yaani asilimia 50. Ukifika asilimia 85 au zaidi, ongeza dakika 15 kwa wiki inayofuata. Ukiwa chini ya hapo, kaa pale pale.

ONYO: Hatua ya 3 isifanywe bila daktari na mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa akili unaompandisha na kumshusha, mama mjamzito, anayetembea usingizini, dereva, mtu wa boda boda, au anayefanya kazi na mashine kama ya kusaga mahindi. Wiki za kwanza mtu anasinzia mchana, na anaweza kuumia.

SEHEMU YA 7: YALIYOTUSHINDA, NA TULIVYOTENGENEZA

Njia hii ilipangwa na watu wenye nyumba za vyumba vingi na umeme. Tulipoileta kijijini ilikwama mara moja. Mama analala chumba kimoja na watoto watatu. Akitoka kitandani akiwasha taa, watoto wanaamka. Akitoka nje, watu wanasema anakimbia usiku.

Tulikaa naye pamoja na mwenyekiti tukapanga upya. Aliweka kiti kwenye kona ya mlango, ndani, pazia la leso katikati. Taa ya sola ikafungwa kitambaa. Kazi ya polepole ikawa kusuka kikapu. Tangu saa mbili watoto wakilala mpaka saa tano na nusu alikuwa anachambua maharagwe na kusikiliza redio kwa sauti ya chini.

Na lile neno la kijijini? Mama mwenyewe alisema, "Nikinyamaza wataendelea." Kwenye mkutano wa kikundi, mzee wa kijiji akiwepo, alisimama. Akasema, "Mimi silali usiku. Ni ugonjwa, nimeenda zahanati na wamenipima. Mkiona taa kwangu, ni mimi nasuka kikapu. Anayetaka kuhakikisha abishe hodi, nitampa kazi ya kushika ukili." Watu walicheka. Kisha akasimama mzee mmoja wa miaka sabini, kofia mkononi, akasema, "Hata mimi. Tangu mwaka ule wa kesi ya shamba." Baada yake akasimama mama mwingine. Siku hiyo tulihesabu watu watano.

Zile shilingi 600 zilionekana pia. Zilikuwa zimeandikwa kwenye ukurasa wa mwezi mwingine. Kikundi kikakubaliana kwamba pesa zihesabiwe na watu wawili, asubuhi, kabla ya mkutano kuanza. Mama akabaki mweka hazina.

Je, alipona? Tuseme ukweli. Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya kuliko zote. Alitaka kuacha, na mwenyekiti alikuwa anapita kwake kila jioni kumtia moyo. Wiki ya pili alikuwa analala masaa 4 na dakika 45 katika yale 5 na nusu, asilimia 86. Tukaanza kuongeza. Wiki moja hesabu ilishuka tukabaki pale pale. Mwisho wa wiki ya nane alikuwa anaingia kitandani saa nne na nusu na kutoka saa kumi na moja, na analala karibu masaa 6. Shule zikifunguliwa usiku mbaya unarudi. Lakini sasa anajua la kufanya, na hauogopi kama zamani.

Mmoja wetu hapa ofisini ameishi na tatizo hili miaka kumi na moja. Anasema kilichomsaidia zaidi ni kuelewa. "Zamani nikiamka saa nane nilikuwa nafikiri nitakufa, au nitarukwa na akili. Kuna aliyeniambia siombi vya kutosha. Sasa nikiamka najua ni jiwe gani." Bado ana usiku mbaya, na siku hizo anafanya kazi ndogo ndogo, hafidii kwa kulala mchana, na hamwambii mtu uongo kwamba amelala.

MASWALI YA MWISHO

1. Ni jiwe gani la tatu lililo nyumbani kwako?
2. Kati ya zile hatua 7, ni ipi ngumu kwetu, na tunaweza kuitengeneza namna gani?
3. Mwenzetu akionekana nje usiku, tutamwuliza nini kabla ya kusema kwa wengine?
4. Ni nani katika kikundi anaweza kumtembelea asiyelala wiki ile ya kwanza?
5. Ni mawazo gani ya usiku ambayo kikundi kinaweza kupunguza? (Kwa mfano mfuko wa karo, au kumpelekea mfiwa kuni na maji hata baada ya matanga kuisha.)

KAZI YA NYUMBANI

Kila mmoja aweke daftari la usingizi kwa wiki mbili, hata anayelala vizuri. Mlete kwenye mkutano ujao. Msiwalazimishe watu kusoma yao mbele ya wote. Anayepata usiku 3 kwa wiki au zaidi azungumze na mhudumu wa afya, na kama inaendelea zaidi ya miezi 3 aende kituoni na hilo daftari mkononi. Daktari ataelewa haraka zaidi kuliko akisikia tu, "Silali."

Tuandikieni mtuambie mambo yalivyokwenda, hasa yale yaliyowashinda. Tutayaleta katika somo lingine. Na usiku huu, ukiona taa ya jirani inawaka saa nane, kesho asubuhi pita umsalimie. Mwulize, "Umelalaje?" Kisha ungoje ajibu.